Nati za Gurudumu na Kadiri ya Kuzikaza



Katika motokaa nzima ni vitu vichache vilivyo vidogo na vyenye dhamana kubwa kama nati za gurudumu. Nati nne, tano au sita ndizo zishikazo kila gurudumu, na maisha ya abiria, pamoja na ya wale wapitao kwa miguu kando ya barabara, yamewekwa juu yake. Gurudumu likichomoka katika mteremko halichagui wa kumgonga. Hata hivyo, kazi ya kukaza nati mara nyingi hufanywa kwa haraka, juani au gizani, na mtu aliyekwisha kuudhiwa na pancha.

Wengi hudhani kwamba nati hushika gurudumu kama msumari ushikavyo ubao. Sivyo. Nati ikazwapo huivuta bolti, nayo bolti hurefuka kidogo sana, mfano wa springi. Kwa mvuto huo rimu hubanwa juu ya habu hata isiweze kuteleza. Mbano huo ndio uchukuao mzigo. Ukiwa hafifu, rimu hucheza, matundu yake hupanuka, na bolti hupindwa huku na huku mpaka zikakatika moja baada ya nyingine. Ukizidi, bolti huvutwa kupita mpaka wake isiweze kurudi, hesi zake huharibika, na sahani ya breki huweza kupinda. Basi aliyekaza mno hakujilinda kuliko aliyelegeza. Wote wawili wamekosa kadiri.

Kadiri hiyo ni hesabu, wala si bidii. Motokaa ndogo nyingi za Toyota, ambazo zimejaa katika barabara za Kenya, hutakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuukandamiza mwisho wa mkono kwa uzito wa kilo 35. Mtu wa kilo 70 akipachika bomba, mkono ukawa nusu mita, kisha akasimama juu yake, atakuwa ametia zaidi ya mara tatu ya kadiri. Mwenye motokaa akipata pancha njiani, naye ana spana fupi tu, atashindwa kuzifungua nati hizo. Spana ya kupimia, ilayo sauti kadiri ifikiwapo, ndiyo ya kuaminiwa. Na kadiri ya kila motokaa imeandikwa katika kitabu chake.

Katika kuchagua nati kuna mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza ni hesi. Nati za Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ni za bolti yenye unene wa milimita 12, na nafasi kati ya hesi ni milimita 1.5, za Nissan na Subaru nyingi zina unene huo huo, lakini nafasi ni milimita 1.25. Kwa macho zafanana, bali zikilazimishwa huharibiana. Nati iliyo sawa huingia kwa vidole bila kukwama, na yapasa ishike bolti kwa kina kisichopungua unene wa bolti yenyewe.

La pili ni uso wa nati ukaliao rimu. Nyingine zimechongoka, nyingine ni za mviringo kama mpira, nyingine ni bapa zenye washa. Nati iliyochongoka ikitiwa katika tundu la mviringo hugusa mahali pembamba tu, na baada ya safari hulegea. Anunuaye rimu mpya katika maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, hana budi kuulizia pia nati zilizotengenezewa rimu hizo.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, kutu na matope yaondolewe katika uso wa habu na rimu. Hesi zisipakwe mafuta, kwa maana mafuta huidanganya spana, na bolti ikavutwa kupita kadiri. Pili, nati zote zizungushwe kwa vidole, kisha zikazwe kidogo kwa spana gurudumu lingali juu ya jeki. Tatu, motokaa ishushwe, na nati zikazwe kwa kuvukana: penye nne au sita, ile inayoelekeana na iliyotangulia, penye tano, kwa kuruka moja kila mara, mfano wa kuchora nyota. Kazi hiyo ifanywe kwa mizunguko miwili au mitatu, ili rimu ikae sawasawa.

Nne, zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani rimu hujipanga upya ikisha kutembea. Aliyebadili gurudumu Nairobi, akaelekea Nakuru, yafaa asimame Naivasha atie spana.

Dereva wa malori ajue pia kwamba malori mengi ya zamani ya Kijapani yana hesi za kushoto upande wa kushoto. Asiyejua hukaza akidhani anafungua.

Mlio wa kugonga, usukani unaotikisika, au mistari ya kutu inayotoka chini ya nati ni onyo. Aonaye dalili hizo asimame hapo hapo, wala asijiambie kwamba mji u karibu.