Anayechangia kundi letu apewe nini?

Makamanda, tangu CHADEMA ianzishe Tone Tone mwaka 2025, kuchangia kwa simu si jambo geni kwetu. Sasa kundi letu la Telegram nalo linahitaji bando, na wapo wanaolibeba. Baadhi yenu mnasema tuwape nyota mbele ya jina, au tuwafanye maadmini. Mimi nakataa. Nyota itamwanika mwalimu anayechangia kimyakimya; kesho anaweza kuhamishwa kituo. Na uadmini ukinunuliwa kwa laki, mwenye buku atanyamaza.

Tuwape vitu viwili: hesabu ya mapato na matumizi kila mwisho wa mwezi, na kura ya kuamua pesa iende wapi. Mwenye laki kura moja, mwenye buku kura moja. Nguvu ya Umma!