Nchi Jirani: Polisi wa Uganda na Vitabu vya Watoto

Kila mwaka watoto wa nchi nyingi hununuliwa kitabu kinene cha rekodi za dunia, kile cha Guinness kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1955. Watoto hukipenda, na hapana ubaya. Humo husoma habari za Robert Wadlow, Mmarekani aliyefikia urefu wa meta 2.72, wakastaajabu. Lakini hakuna mtoto awezaye kujifunza kuwa mrefu. Tena kitabu cha namna hiyo kina desturi isiyo na huruma: rekodi ikivunjwa, jina la mwenyewe huondolewa, likawekwa jingine.

Ndivyo ilivyompata John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda. Tarehe 2 Septemba, 1972, mjini Munich, alikimbia meta 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48, na akaipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mwingereza David Hemery, ambaye alikuwamo katika mbio zile zile na akatoka wa tatu. Mtoto akitafuta leo rekodi ya mbio hizo atakuta jina la Karsten Warholm wa Norway, sekunde 45.94, mwaka 2021. Basi.

Lililo la kumfaa mtoto halimo katika sekunde hizo. Miaka miwili kabla ya Munich, huko Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akii-Bua alitoka wa nne. Chini ya mwalimu wake, Malcolm Arnold, alifanya mazoezi amevaa kizibao kizito, akajizoeza kuvuka kiunzi kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Munich alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa ukali wa kona zake. Askari yeyote aliyetembea maili nyingi na shanta mgongoni anakielewa kizibao kile, na anaweza kumweleza mwanawe kwa maneno machache.

Wala kitabu kinachostahili kuitwa cha watoto kisifiche yaliyofuata. Mwaka 1976 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu. Na huko huko rekodi ikachukuliwa na Edwin Moses wa Marekani. Mwanajeshi wa Tanzania, Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, naye hakushindana. Mwaka 1979 Akii-Bua alivuka mpaka kuingia Kenya, akiwa mkimbizi. Baadaye alirudi kwao na katika polisi, akafariki mwaka 1997.

Uganda ilingoja miaka 40 kuipata dhahabu ya pili, iliyoletwa kutoka London mwaka 2012 na askari magereza, Stephen Kiprotich, katika mbio za marathoni. Mwaka 2020 polisi mwingine, Joshua Cheptegei, aliweka rekodi za dunia za meta 5,000 na 10,000. Habari za watu hawa zipo. Kinachotakiwa ni vitabu vyembamba, kwa Kiswahili chepesi, vya bei ambayo koplo anaweza kuimudu mwisho wa mwezi.