Kijembe si Jibu

Msikilizaji wa Temeke na Kinondoni, unakumbuka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokuwa mubashara runingani kutoka Dodoma? Mjumbe akirusha kijembe, kijiwe kizima hoi kwa kicheko. Akianza kueleza serikali tatu za rasimu ya Katiba zitagharamiwa vipi, mtu anaagiza kahawa na kashata. Wajumbe wa Ukawa, umoja wa wapinzani, walipotoka ukumbini Aprili 16, ubishi ukawa nani shujaa, nani msaliti. Rasimu yenyewe hakuna aliyeigusa. Kisha hata nafasi ya kutazama ikapungua: Januari 2016 serikali ikatangaza kuwa TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama. Sasa mdahalo wowote wa wagombea ukija, vijembe chekeni, ruksa. Ila mgombea akimaliza, muulize jirani: aliulizwa nini, na amejibu?