Safari ya Baiskeli ya Shawwal: Nawaomba Wazazi Ruhusa Tena

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Nyamira, baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la mwisho la Ramadhani.)



Wazazi wetu, ndugu na dada zangu. Nashukuru kupewa nafasi hii, ingawa najua wengine mmekuja kunisikiliza huku mmekunja uso. Mna haki. Mwaka jana niliwachukua vijana kumi na mmoja kwa baiskeli kwenda Kendu Bay, na mmoja wao akarudi mkono umefungwa shingoni. Mama yake ameketi pale nyuma. Mama, nilikuomba radhi nyumbani kwako, na leo naomba tena mbele za watu, maana kiongozi nilikuwa mimi na kosa lilikuwa langu.

Wacha niseme lilivyokuwa. Tulipanga kutoka baada ya Alfajiri. Tukaanza kungojeana, huyu hana pampu, yule anatafuta kofia, mwishowe tukatoka saa tatu. Kisii mjini tukafika tumechoka, tukaswali Adhuhuri na kukaa sana. Na nyinyi mnaijua mvua ya huku kwetu: asubuhi jua, alasiri inamwagika. Ilitukuta tunateremka kuelekea Oyugis. Sasa zile baiskeli zetu za Black Mamba breki zake ni za vyuma. Ukibana, mpira unasugua rimu. Rimu ikilowa mpira unateleza. Kijana akabana, baiskeli ikazidi kwenda, na mbele lori linapanda. Akaiingiza kwenye ukingo wa udongo. Alhamdulillahi kwa akili ile. Akavunjika mfupa wa bega tu.

Mimi nilikuwa nimeuliza kitu kimoja: ni kilomita ngapi? Kwenda ni kati ya 70 na 80, nikaona si kitu kwa vijana. Sikuuliza habari za milima. Kisii mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye 1,134. Yaani kutoka Kisii mpaka ufukweni unashuka zaidi ya mita 500, na kesho yake, kama una baiskeli isiyo na gia, unazipanda zote.

Mdogo wangu anafanya kazi Dubai. Nilipomsimulia akanieleza juu ya Al Qudra, nje ya jiji, ambako kuna njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 80 inayopita jangwani. Anasema kule wakati wa joto watu hutoka kabla jua halijachomoza, wakageuza kabla mchanga haujawaka, na umbali wanaupima kwa maji waliyobeba. Hakuna anayesema tutaona mbele ya safari. Nikajiona mjinga. Wao wanakimbia jua, sisi tunapaswa kuikimbia mvua, lakini hesabu inaanzia pale pale, kwenye saa ya kutoka.

Kwa hiyo mwaka huu, mkituruhusu, tunatoka mara tu baada ya Alfajiri. Asiyefika anaachwa, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti (samahani Mzee). Mteremko wa Oyugis tuwe tumeumaliza kabla ya Adhuhuri. Kwenye sehemu kali tunashuka na kusukuma, na atakayecheka mwenzake nitambebesha mzigo wote. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba watatu wakisafiri wamteue mmoja awe amiri; tutakuwa na amiri mbele na mwingine nyuma kabisa, na mwendo ni wa yule wa mwisho. Gari litatufuata. Aliye chini ya miaka 16 haendi bila mzazi.

Tutalala Kendu Bay. Mji ule una Waislamu wa siku nyingi, na Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, alikuwa mtu wa pande hizo. Asubuhi tutatembea hadi Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi ambalo wakati mwingine huwa na heroe. Kurudi, baiskeli zinapanda lori mpaka Kisii. Najua vijana hawalipendi hilo. Wanataka kuja kusema wamepanda wenyewe. Nimesema hapana.

Kuhusu kupunguza swala, masheikh wengi hutaja umbali wa kilomita 80 au zaidi kidogo, na sisi tumekaa pale pale mpakani. Imamu ataulizwa kabla, si njiani.

Dada mmoja ameniuliza kwa nini wao hubaki kupika futari na kusikiliza hadithi za safari. Sikuwa na jibu la maana. Nimelipeleka swali lake kwenye kamati, na wazazi wa mabinti nawaomba mlifikirie.

Jumamosi baada ya Alasiri fundi atakuwa hapa uwanjani. Kila baiskeli itamwagiwa maji kwenye rimu, kisha mwenyewe ataipanda na kubana breki mbele ya mzazi wake. Isiyosimama haiendi. Yule kijana wa mwaka jana ameomba awe msaidizi wa fundi. Kama ataruhusiwa kupanda tena, hilo ni la mama yake kuamua, nami sitamsukuma.

Adhana ya Maghrib imekaribia na tende zimeshawekwa. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.