Maneno Machache kwa Aliyeambiwa Ana Kisukari

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kibwezi)



Nimeombwa niseme juu ya maradhi ya kisukari, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa yamekwisha kuingia katika nyumba zetu na bado twayanong'oneza kana kwamba ni aibu. Mimi mwenyewe niliambiwa ninayo mwaka jana. Sitasema habari za hospitali kubwa. Nitasema juu ya mtu aliyerudi jana kutoka Makindu, ana karatasi ya daktari mfukoni, naye hajui kesho ale nini.

Wazee wanajua kuwa nchi hii ina sifa ya homa. Wamisheni wa Scotland waliofika hapa Kibwezi mwaka 1891 walihamia Kikuyu mwaka 1898 kwa sababu yake. Lakini homa ina siku zake: mtu hunywa dawa, akapona, akarudi shambani. Kisukari hakina siku. Aliyeambiwa leo atakuwa nacho mwakani, na kazi yake ni kukaa nacho vizuri.

Chakula tulacho hugeuka sukari katika damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Walakini haiingii mahali inapotakiwa ila mlango ufunguliwe na insulini itokayo katika kongosho. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho huacha kutoa insulini. Hao hawana budi kudungwa sindano kila siku. Kwa wengi wetu tulio watu wazima insulini ipo, ila haitoshi, au mwili umekuwa mzito wa kuitii. Ndipo sukari hujaa katika damu na kumwagika katika mkojo, na mtu huona kiu isiyokwisha, huamka usiku mara nyingi, hukonda. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliyatambua maradhi haya kwa kuona sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa mgonjwa. Siku hizi tone la damu latosha, lakini wengi hawatoi hata hilo tone: uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, karibu 88 hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uongo mwingi. Jirani humwambia mgonjwa aache kila kitu, ale mboga tu na ugali wa mtama. Si hivyo. Ugali wa mtama ni bora kuliko wa unga mweupe uliokobolewa, lakini nao ni wanga, na ukiwa mlima sahanini utapandisha sukari kama mwingine. Kitazamwacho ni kiasi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani; robo iwe kunde, mbaazi, pojo, yai au nyama; robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au muthokoi. Nasi wa Ukambani tuna bahati, kwa kuwa kunde, mbaazi na pojo zinazostahimili ukame wetu ndizo pia zisizopandisha sukari kwa haraka. Isyo yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chakula chema kwa mgonjwa na kwa mzima. Embe ni vipande vichache, si maembe matatu kwa kikao kimoja. Najua nitawaudhi wafuga nyuki, lakini asali ni sukari, hata ikiitwa dawa. Na juu ya uki, pamoja na utamu wake, pombe ikikutana na dawa za kisukari yaweza kuishusha sukari mpaka mtu azimie.

Kuzimia huko yafaa kila nyumba ikujue. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vya namna fulani, akikosa chakula huanza kutetemeka, kutoka jasho na kusema ovyo, na watu humdhania amelewa. Apewe upesi vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, kisha ale. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Wako waogopao insulini wakisema ni dalili ya kifo. Mambo ni kinyume. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye kisukari hakuwa na tumaini. Januari ya mwaka huo kijana wa miaka 14 mjini Toronto, Kanada, alidungwa sindano ya kwanza, akaishi miaka 13 zaidi. Adui ya insulini huku kwetu ni joto. Chupa inayotumika, pasipo friji, iwekwe ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, mahali pa kivuli. Wafinyanzi wetu wanaweza kuvitengeneza. Naye anywaye vidonge asiviache kipimo kinaposhuka, kwa sababu ni vidonge vilivyokishusha. Dawa za miti sizidharau, lakini daktari aambiwe zinazotumiwa.

Miguu itazamwe kila usiku. Sukari nyingi hufisha mishipa ya fahamu, na hii ni nchi ya miiba. Mtu aweza kulala na mwiba asiusikie, hata kidonda kioze. Asiyeweza kuinama amwite mjukuu, ana macho mazuri. Viatu vivaliwe hata nyumbani, navyo vikung'utwe kwanza.

Chama chetu kimezoea kuchanga fedha mguu unapokatwa, au mtu anapokufa. Ni desturi njema. Lakini mashine ndogo ya kupimia na vijiti vyake ni bei ya chini sana kuliko mchango mmoja wa mazishi. Kwa hiyo naiomba Halmashauri mambo mawili. La kwanza, inunue mashine hiyo, na kila mwanachama apendaye apimwe kabla ya mikutano yetu. La pili, chai ya mikutano na ya matanga ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe mezani katika bakuli yake. Wazee wengine wameniambia kwamba wageni watatuona wachoyo. Mgeni atakaye vijiko vinne bakuli iko mbele yake. Mwenye kisukari hatalazimika tena kuchagua kati ya afya yake na kumkataa mwenyeji. Naomba maombi haya yaandikwe katika kumbukumbu na kupigiwa kura sasa, kabla ya chai ya leo kuletwa.