Mwanamke na Elimu ya Bustani

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Umoja wetu



Wenzetu wametangulia kueleza habari za bei, maghala na magari. Sisi twapenda kusema habari za elimu, na hasa elimu ya bustani kwa wanawake. Tumechagua kusimulia mambo ya Uingereza, kwa kuwa huko vyuo vya namna hii vilianza zamani, na mema na makosa yake yote yamekwisha kuonekana.

Mwaka 1889 kilifunguliwa chuo cha bustani huko Swanley, katika jimbo la Kent. Kilikuwa cha wanaume. Mwaka 1891 wanawake wakaanza kupokewa, na ilipofika 1903 chuo kilikuwa cha wanawake peke yao. Walisoma habari za mimea na udongo darasani, kisha wakatoka kwenda kulima na kupogoa miti kwa mikono yao. Kadhalika mwaka 1898 Daisy Greville, mke wa Mkuu wa Warwick, alifungua nyumba ya wanafunzi wa kike mjini Reading. Mwaka 1903 wakahamia Studley, ambako walifundishwa pia kazi ya maziwa, kuku na nyuki. Chuo hicho kilidumu hata 1969.

Njia haikuwa laini. Mwaka 1896 wasichana wawili waliotoka Swanley, Annie Gulvin na Alice Hutchings, waliajiriwa katika bustani kubwa ya Kew, London. Wakaagizwa kuvaa mavazi yanayofanana na ya wanaume, na suruali zao zikawa gumzo. Magazeti yakawafanyia mzaha, na watu wakaja kuwatazama. Wao wakaendelea na kazi.

Tena yuko Fanny Wilkinson, aliyejifunza kupanga bustani za miji katika chuo kilichozoea kupokea wanaume. Ndiye aliyepanga bustani ya Vauxhall, iliyofunguliwa London mwaka 1890. Hakukubali kulipwa pungufu kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1902 akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza chuo cha Swanley.

Hayo ndiyo mema. Makosa tunayoyaona ni mawili. La kwanza, vyuo vile vilitoza ada, na walioingia walikuwa hasa mabinti wa nyumba zenye uwezo. Mwanamke maskini, aliyepalilia na kuchuma matunda ya wengine kwa kibarua, alibaki nje. La pili, katika vita vya 1914 hata 1918 wanawake waliitwa kwa maelfu kwenda mashambani, na mwaka 1917 likaundwa jeshi lao la kazi ya kilimo. Mwaka 1919 likavunjwa, wanaume wakarudi, na wengi wa wanawake wale wakaambiwa kazi imekwisha. Mlango uliofunguliwa kwa haja ya wengine hufungwa haja ile inapokwisha.

Basi tujitazame sisi wenyewe. Tuliwahi kuitisha mafunzo ya nyanya, tukaandika barua kwa majina yaliyomo katika daftari la wanachama. Waliokuja karibu wote walikuwa wanaume. Tulipozunguka mashambani baadaye, tuliwakuta akina mama ndio wanaonyunyizia dawa, wakipima kwa kukisia, na wengine wamebeba watoto mgongoni. Hawakuwa wajinga, bali hawakuitwa. Kosa lile lilikuwa letu, na twalikiri mbele yenu.

Kwa hiyo, katika miaka kumi ijayo, twaiomba Halmashauri mambo matatu. Kwanza, mwaliko wa mafunzo umfikie yule ashikaye kazi, si mwenye jina peke yake. Pili, masomo yafanywe shambani, bila ada, kwa saa ambazo mama mwenye nyumba aweza kufika. Tatu, mwanamke alimaye bustani aandikwe mwanachama kwa jina lake mwenyewe, na malipo ya mazao yake yaingie katika hesabu yake, ili siku haja ya wengine itakapokwisha, haki yake isiishe nayo.

Hatusemi haya kwa kuwagombanisha watu na wake zao. Nyumba yenye wakulima wawili wenye maarifa hushinda nyumba yenye mmoja, na ghala la Umoja hujazwa na nyumba.

Wazee walisema kwamba jembe halimtupi mkulima. Twaomba daftari letu nalo lisimtupe.