Siku ya Tatu Mpe Jembe
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Mombasa



Kamati imetupa heshima ya kusema machache juu ya miji na wageni wanaohamia ndani yake. Sisi si wasomi. Elimu yetu iliishia sekondari, na maisha yetu yamepita nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Tutasema yale tuliyoyaona na tuliyosimuliwa na jamaa zetu.

Babu yetu alikuja Mombasa kutoka Porbandar kwa jahazi, akiwa na sanduku moja la bati. Hapakuwa na afisi iliyomngoja wala fomu ya kujaza. Palikuwa na jirani, mzee Mswahili wa Mji wa Kale, aliyemwachia pembe ya baraza yake auzie chumvi na vitambaa mpaka apate chumba cha kukodi. Msaada wa kwanza aliopokea mgeni wa nyumba yetu ulikuwa pembe ya baraza. Tunaomba mliweke jambo hilo moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Wakati huo tulikuwa wavulana wa shule. Treni zilileta watu kutoka Kampala hadi bandarini Kilindini ili wapande meli za Bombay. Mama zetu walikesha wakipika chapati na viazi, nasi tukatumwa na vikapu. Walinzi hawakuturuhusu kukaribia mabehewa. Tuliona nyuso tu madirishani.

Ami yetu wa Jinja alikuwa na pasipoti ya Uingereza, kwa hivyo aliondoka kwa ndege kutoka Entebbe. Katika mfuko wa koti lake alibeba kipande cha gazeti la Uganda Argus la Septemba 1972. Lilikuwa tangazo lililolipiwa na baraza la jiji la Leicester, likiwashauri Waasia wa Uganda, kwa faida yao wenyewe na ya familia zao, wasiende Leicester: nyumba hazitoshi, shule zimejaa, huduma za jamii zimeelemewa. Ami alikwenda huko huko. Alikuwa akisema kwa kicheko kwamba kabla ya tangazo lile hakujua kuwa kuna mji unaoitwa Leicester.

Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza kwa njia hiyo. Wengi walianzia katika kambi za zamani za jeshi, na bodi ya serikali iliyowasimamia iliigawa miji mafungu mawili: yenye nafasi, na iliyosemekana kujaa. Leicester iliwekwa katika fungu la pili. Haki itendeke: uhaba wa nyumba ulikuwa wa kweli. Waliotoa tangazo hawakutunga uongo. Waliona midomo ya kulishwa, hawakuona mikono ya kufanya kazi.

Je, mji ule ulibadilikaje? Haukubadilika kwa hotuba. Sheria ya mwaka 1966 iliwezesha serikali kuu kuyasaidia mabaraza ya miji kulipa mishahara ya watumishi wa ziada, wakiwemo walimu wa Kiingereza, kwa ajili ya wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Sheria ya mwaka 1976 ikayapa mabaraza wajibu wa kuondoa ubaguzi na kuleta usawa wa fursa. Yakaja madarasa ya jioni kwa watu wazima, vituo vya jamii, vitabu vya Kigujarati katika maktaba, na baadaye taa za Diwali katika barabara ya Belgrave kwa msaada wa baraza lile lile. Wala wageni hawakukaa kungoja kupewa. Mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda kimoja cha taipureta waligoma kwa miezi karibu mitatu wakidai haki sawa kazini. Wengine walifungua maduka katika majengo yaliyokuwa yamefungwa. Leo barabara ile inaitwa Maili ya Dhahabu, na katika sensa ya mwaka 2021 zaidi ya wakazi 4 katika kila 10 wa Leicester walijitaja kuwa wenye asili ya Asia.

Wahenga wetu wa pwani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitaja neno hili kumfukuza mgeni. Sisi tunalisoma vingine. Anayempa mgeni jembe amempa kazi, na amempa ardhi ya kulimia; huwezi kumpa mtu jembe ukamwambia asiguse shamba. Mpango mzuri wa mji ndio jembe hilo: lugha, kibali cha biashara, shule ya mtoto, na karatasi yenye jina lake. Mji wa New York tangu mwaka 2015 hutoa kitambulisho cha mji kwa mkazi wake bila kumuuliza hali yake ya uhamiaji, ili aweze angalau kujitambulisha.

Na hapa kwetu? Kwa Katiba ya mwaka 2010, leseni za biashara, masoko, zahanati na shule za chekechea ni kazi za kaunti, na uraia na vitambulisho ni kazi ya serikali kuu. Majirani wengi huzunguka kutwa nzima kwa sababu hawajui mlango upi ni wa nani. Wapo wasiojua kwamba kila mtoto anayezaliwa Kenya sharti aandikishwe, hata kama wazazi wake ni wageni. Cheti cha kuzaliwa si uraia, lakini mtoto asiye nacho hupata taabu shuleni. Wapo wakimbizi wasiojua kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua haki yao ya kufanya kazi. Karatasi si jambo dogo. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kuidai. Mwaka uliofuata sisi wenyewe, Wakenya wenye asili ya Asia, tulitangazwa kabila la 44, na humu ukumbini tulikula peremende.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma. Mwaka jana vijana wetu waliomba ukumbi wa chini ufunguliwe kila Jumamosi asubuhi: meza moja ya kuwaelekeza majirani wageni, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, afisi ipi waende na karatasi gani, na darasa la Kiswahili kwa wanaoanza. Kura zilipopigwa, ombi lilianguka. Sisi tunaozungumza nanyi tuliinua mkono kupinga. Tulisema nafasi haitoshi, maji na umeme ni ghali, na wenyewe tuna shida zetu.

Baada ya ami kufariki, binti yake alituletea kile kipande cha gazeti. Tulikisoma tukiwa tumeketi dukani. Nafasi haitoshi. Huduma zimeelemewa. Yalikuwa maneno yetu, neno kwa neno kasoro lugha, na yalikuwa yameandikwa kutuhusu sisi.

Ndugu zangu, mkutano mkuu ujao kura itapigwa tena. Gharama tuliyoitaja ni ya kweli, nasi tumekwisha kumweleza mweka hazina kwamba umeme na maji ya Jumamosi kwa mwaka wa kwanza yataandikwa katika hesabu ya duka letu. Tunachohitaji kwenu ni mikono, na watu wawili watatu wenye subira ya kujaza fomu.

Mzee yule wa Mji wa Kale hakuwa na ukumbi. Alikuwa na baraza, akatoa pembe yake. Sisi tuna ukumbi mzima.